Baba Yuko Misheni, Nyumbani Tunashikana: Vyama vya Familia za Wanajeshi Eldoret

Kama umeishi Eldoret hata mwaka mmoja, kuna uwezekano mkubwa kwamba una jirani ambaye ni familia ya mwanajeshi. Pengine hujui tu, kwa sababu watu hawa hawapendi kujitangaza. Baba watoto haonekani miezi mingi, mara nyingine mwaka mzima. Halafu Jumamosi moja unamwona nje ya geti amevaa kaptura na malapa, watoto wamemng'ang'ania, anaosha gari. Baada ya wiki chache hayuko tena, na mama watoto ukimuuliza anakujibu kwa maneno mawili: "Alirudi kazi." Haambii mtu kazi hiyo iko wapi, na wewe ukiwa na adabu huulizi.

Leo tunataka kuongea juu ya kile kinachoendelea ndani ya nyumba hiyo akiwa hayupo. Tutaongea hasa juu ya pesa, kwa sababu hapo ndipo sisi tunapoona mambo kwa karibu: ni nani anatuma, nani anapokea, nani ameshika simu ya chama, na nini hutokea pesa ikichelewa. Lakini tangu mwanzo wacha nikwambie, ukianza kufuatilia pesa ya familia ya askari unafika haraka sana kwenye mambo ambayo si ya pesa hata kidogo.

Kwa nini Eldoret

Watu wengi wakisikia Eldoret wanafikiria wakimbiaji, mahindi na mursik. Wazee bado wanauita mji huu Sixty-Four, hata baada ya kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Lakini kwa Jeshi la Ulinzi la Kenya, KDF, Eldoret ni mlango wa kuingilia. Shule ya mafunzo ya makurutu iko hapa, Moi Barracks, na vijana kutoka Turkana mpaka Kwale hupitia uwanja huo wa gwaride kabla ya kuitwa askari. Kambi hiyo hiyo pia imekuwa nyumbani kwa vikosi vinavyopelekwa nje, na familia za wanajeshi zimesambaa ndani ya kambi na mitaani pia, kwenye nyumba za kupanga kuanzia Kimumu mpaka Kapsoya na Langas.

Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mwaka uliofuata wanajeshi wetu wakawekwa chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Jina lilibadilika kuwa ATMIS Aprili 2022, kisha AUSSOM Januari 2025. Majina yanabadilika, lakini kwa mama aliyebaki na watoto watatu na bili ya stima, ni safari ile ile. Ongeza wale waliopelekwa mashariki mwa Congo, chini ya Umoja wa Mataifa na pia chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ongeza pia familia za polisi walioanza kwenda Haiti Juni 2024. Hao si wanajeshi, lakini wake zao wanakosa usingizi kwa namna hiyo hiyo, tena wana shida ya ziada: saa tofauti kwa saa saba au nane. Yeye akimaliza zamu, wewe uko usingizini.

Halafu kuna siku ambayo Eldoret haisahau. Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, al-Shabaab walivamia kambi ya KDF huko El Adde, katika eneo la Gedo nchini Somalia. Wengi wa waliokuwa kwenye kambi hiyo walitoka kikosi cha 9 Kenya Rifles, kikosi cha hapa Eldoret. Serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa. Shirika la habari la CNN baadaye lilihesabu angalau 141. Tarehe 27 mwezi huo huo ibada ya kumbukumbu ikafanywa Moi Barracks, akiwepo Rais Uhuru Kenyatta, Rais wa Nigeria Muhammadu Buhari na Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo ya 27 Januari, ikatokea Kulbiyow.

Naitaja El Adde kwa sababu ukitaka kuelewa kwa nini familia za wanajeshi zinashikana jinsi zinavyoshikana, lazima ufikirie zile siku kumi na mbili kati ya shambulio na ibada. Hakuna aliyejua nani yuko hai. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa DNA. Picha zilikuwa zinazunguka mitandaoni, za kweli na za uongo. Mke alikuwa anapiga nambari ya mumewe, inasema mteja hapatikani, anapiga tena. Na katikati ya hayo yote, watoto walikuwa wamefungua shule tu mwezi huo, karo inatakiwa, watu wa kutoka nyumbani wanafika na kulala sebuleni, na unga unaisha.

Mtu anayekuletea unga siku kama hiyo bila kukuuliza swali hata moja ni nani? Mara nyingi ni mke wa askari mwingine.

Chama kinachoanzia kwa chai

Kuna shirika rasmi la kitaifa, Military Wives Association of Kenya, kwa kifupi MWAK, na mke wa mwanajeshi anayeishi kambini kwa kawaida atakutana nalo. Kuna Ulinzi Sacco kwa ajili ya akiba na mikopo. Kuna makasisi na maimamu wa jeshi, kuna maafisa wa maslahi. Hivi vyote vina kazi yake, na kama wewe ni mgeni katika maisha haya, anza kwa kuuliza huko.

Lakini vikundi tunavyoviona zaidi kwenye miamala ni vile vidogo. Wanawake wanane, kumi, kumi na wawili. Waume zao wako kikosi kimoja, au waliondoka na rotesheni moja, au wanawake wenyewe wanapanga ploti moja. Kikundi kinaanza kwa chai. Mmoja anasema, wacha tuwe tunachangia mia mia, mtoto akiugua usiku tusihangaike. Baada ya miezi miwili kuna kundi la WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna faini ya kuchelewa.

Ni lazima niseme pia kwamba si wanawake tu. KDF ina askari wa kike, na kuna wanaume Eldoret ambao wanasuka nywele za binti zao asubuhi kabla ya shule kwa sababu mama yuko misheni. Hawa ni wachache na ni wagumu kuingia kwenye chama cha akina mama. Kusema ukweli, vikundi vingi havijajua bado wawapokee vipi. Na kuna wazazi: mama wa kijana ambaye hajaoa, aliyeko kijijini Nandi au Bungoma, ndiye anayengoja simu. Yeye hana ploti ya majirani wanaomwelewa. Kikundi kizuri kinamtafuta huyo mama na kumwingiza hata kama anatumia kabambe na hana WhatsApp. Meseji ya kawaida inamfikia.

Nchi nyingine zimeweka mambo haya kwenye mpango rasmi. Jeshi la Marekani lina vikundi vya familia katika kila kikosi, ambavyo tangu 2019 vinahesabu wazazi na wachumba pia, si wake peke yao. Uingereza, wake wa wanajeshi walianzisha kwaya kambini Catterick mwaka 2010 kwa sababu ya upweke wakati waume wako Afghanistan, na Krismasi ya 2011 wimbo wa wake wa wanajeshi ukashika nambari moja nchini mwao. Sisi tuna chama. Usikidharau, kwa maana kwaya haikulipii karo.

Pesa ya askari ina tabia yake

Kitu cha kwanza ambacho majirani hawaelewi ni hiki: watu wanadhani mke wa mwanajeshi ana pesa. Mume akienda Somalia, ndugu wanahesabu dola. Ni kweli posho ya AMISOM ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, kwa mfuko wa Umoja wa Ulaya, lakini hiyo haikuwa pesa ya mtu mkononi. Serikali za nchi zilizotuma majeshi zilikuwa na makato yao, malipo yalikuwa yanachelewa miezi, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Kwa hivyo nyumba inaishi kwa mshahara wa kawaida huku kijiji kizima kinaamini kuna sanduku la dola chini ya kitanda.

Matokeo yake unayajua. Harambee ya binamu, mchango wa mazishi, shemeji anataka pikipiki ya bodaboda. Na mkopo wa simu. Hapa nitasema wazi ingawa tunafanya biashara ya pesa: usikope kwa programu ya simu ukitegemea posho ambayo haijaingia. Posho haina tarehe unayoweza kuishikilia, mkopo una tarehe. Kama kuna pengo la mwezi mmoja, hapo ndipo chama kinafaa kuingia.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme mko kumi na wawili. Mna mifuko miwili, na hii ni muhimu, miwili tofauti.

Mfuko wa dharura: kila mtu shilingi 100 kwa wiki. Hiyo ni 1,200 kwa wiki, na kwa mwaka 62,400. Hauguswi kwa kitu kingine isipokuwa hospitali, nauli ya dharura, au nyumba iliyopata habari mbaya.

Mfuko wa zamu, ile tunaita merigoraundi: kila mtu 1,000 kila wiki mbili. Anayepokea anapata 12,000, na mzunguko wote unaisha baada ya wiki 24. Panga zamu kwa mahitaji, si kwa kupiga kura. Mwenye mtoto anayeanza shule mpya apokee Januari. Mwenye shamba la kukodi apokee kabla ya kupanda, karibu Machi. Anayejifungua apokee mwezi wake. Hii ndiyo faida ya kujuana.

Vikundi vinavyochanganya mifuko hii miwili ndivyo vinavyovunjika. Mtu anaugua, mnachukua pesa ya zamu ya mwenzenu mkisema mtarudisha, hamrudishi, na mwisho wa mwaka dada wawili hawasalimiani tena sokoni.

Simu ya chama iko kwa nani?

Swali hili linaonekana dogo. Vikundi vingi vinaanza kwa kutuma kwenye nambari ya mweka hazina, laini yake ya kila siku, ile ile anayonunulia nyanya. Kwa mwezi wa kwanza ni sawa. Baadaye ni hatari, tena si kwa sababu yeye ni mwizi. Anaweza kuwa na deni la mkopo wa simu, na pesa ya chama ikiingia inakatwa palepale kabla hajaiona. Simu inaweza kuibiwa pale stage. Na mbaya zaidi, anaweza kufariki, na pesa yenu ikahesabika kuwa mali ya marehemu, mkaanza kuonyesha familia yake daftari wakati wa matanga.

Kwa hivyo mkishapita miezi mitatu na mnaona mnaelekea kudumu, nendeni hatua ya pili. Andikisheni kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Mtahitaji katiba yenu, kumbukumbu za mkutano, orodha ya wanachama na nakala za vitambulisho. Ukiwa na cheti, benki au sacco itawafungulia akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na wanachama watachangia moja kwa moja kwa nambari ya paybill wakiandika jina lao kama akaunti. Hapo kila mchango unaacha alama. Mweka hazina anabaki na kazi ya kuhesabu, si kulinda.

Watia sahihi wawe watatu, na wawili watoshe kutoa pesa. Kwa kikundi cha wanajeshi nasisitiza hili, kwa sababu mmoja wenu atahamishwa. Tutarudi kwa hilo.

Na ndani ya nyumba yenyewe? Askari wengi wakiondoka humwachia mke laini yao na nambari ya siri. Tunaelewa kwa nini. Lakini nambari ya siri ni ya mtu mmoja. Ukifanya muamala kwa laini ya mume na ukatokea ubishi, hata na kakake, huna pa kusimama, na mtoa huduma hatakusikiliza kwa sababu laini si yako. Afadhali aweke agizo la kudumu benki au kwa simu: tarehe fulani kiasi fulani kinakuja kwako, kingine kwa mama yake, kingine kwa karo. Pesa inatembea yenyewe hata akiwa mahali pasipo na mtandao wiki tatu.

Angalia nimesema "kingine kwa mama yake". Ugomvi mwingi wa nyumba za askari unaanzia hapo: mama mkwe anaamini mtoto wake anatuma pesa na mke anaikalia. Akiona meseji yake mwenyewe kila mwezi, hata kama ni elfu tatu, moyo unatulia. Imeokoa ndoa kadhaa, nina hakika, kuliko ushauri wa wazee.

Jambo lingine ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa, na nambari ikapewa mtu mwingine. Baba akirudi baada ya miezi tisa anakuta nambari yake inajibiwa na kijana wa Kisii. Kwa hivyo kabla hajaondoka aulize mtoa huduma laini inahitaji nini ili ibaki hai, na kama ameiunganisha na benki, basi suala hilo lishughulikiwe kabla ya buti kufungwa.

Matapeli wanajua kalenda ya jeshi

Eldoret inajua utapeli wa jeshi kuliko mji wowote Kenya. Mara kwa mara baada ya uandikishaji, vijana wamefika kwenye geti la shule ya makurutu wakiwa na barua za wito ambazo ni bandia, wazazi wameuza ng'ombe au shamba kuzinunua, na badala ya kuvaa sare kijana anajikuta mikononi mwa polisi. KDF imerudia miaka yote kwamba kuingia jeshini ni bure. Ukimtumia mtu pesa kwa simu ili mtoto "aingizwe", hujalipia nafasi. Umetoa hongo, na umeibiwa. Vyote viwili kwa muamala mmoja.

Lakini wale wanaowinda familia za walioko misheni ni wajanja zaidi. Wanakuja kwa njia kama hizi:

Simu inaingia usiku. Mtu anajitambulisha kwa cheo, anataja jina la kikosi, anasema mumeo ameumia, amesafirishwa, kuna pesa ndogo inatakiwa ya dawa au ya kuleta vitu vyake. Au ni habari njema: posho ya miezi sita imetoka, lipia "ada ya kufungua faili" elfu mbili mia tano, leo kabla ya saa kumi. Au ni meseji kutoka nambari mpya: "Mpenzi hii ni laini ya mwenzangu, simu yangu imeharibika, nitumie kitu kidogo hapa."

Jeshi halikutozi wewe pesa kumtibu askari wake. Halina ada ya kufungua posho. Hayo mawili yaandike kwa kalamu nyekundu uyabandike kwa friji. Kwa ile ya tatu, wekeni neno la nyumbani kabla hajaondoka, kitu ambacho hakiko Facebook, kama jina la utani la mbuzi wa nyanya yake. Asiyelijua si yeye.

Na hapa ndipo chama kinafanya kazi ambayo programu yoyote ya simu haiwezi. Kikundi kizuri kina sheria moja: kabla ya kutuma pesa yoyote kwa sababu ya "habari kutoka kule", piga simu kwa mwenzako mmoja. Ni dakika tano tu. Tapeli anategemea kwamba uko peke yako na unatetemeka. Ukimwambia mtu mwingine kwa sauti kile ulichoambiwa, mara nyingi wewe mwenyewe unasikia kwamba hakisimami.

Ukishatuma, usilie kwanza. Piga nambari rasmi ya mtoa huduma wako papo hapo uombe muamala urudishwe, kabla mwenzako hajaitoa kwa wakala. Kisha ripoti polisi na utunze meseji, usiifute kwa hasira.

Siku ambayo hakuna anayeitaka

Nilifikiria kuliacha hili nje, kwa kuwa blogu ya pesa si mahali pa kutisha watu. Lakini ukikaa na hesabu za vikundi hivi unaona wazi kwamba mfuko wa dharura kimsingi uliwekwa kwa ajili ya siku hii, hata kama katiba haiandiki hivyo.

Kwanza kabisa, kuhusu kundi la WhatsApp. Wekeni sheria mapema: kukitokea shambulio, hakuna picha, hakuna jina, hakuna "nimesikia", mpaka familia husika iambiwe na jeshi lenyewe. Mwaka 2016 kuna watu waliona kwa simu kile walichopaswa kuambiwa na mtu aliyeketi mbele yao. Pia usitaje kundini kikosi kiko wapi, kinarudi lini, kinapitia barabara gani. Hujui simu ya nani imeibiwa.

Pili, pesa. Siku tatu za kwanza nyumba hiyo inahitaji vitu vidogo vingi: chai ya wageni, sukari, mkaa, nauli ya mtu wa kwenda kumchukua mama mzaa kijijini, kadi za simu. Mama mwenyewe hatakuwa na uwezo wa kushika simu na kukumbuka nambari ya siri. Mtu mmoja wa chama atumwe kushika matumizi na kuandika kila shilingi. Pesa ya mchango iingie kwa akaunti ya chama, si kwa nambari tano tofauti za mashemeji. Hili la mwisho linazuia kesi.

Tatu, karatasi. Hizi zinatakiwa ziwe tayari wakati kila mtu yuko mzima, na afadhali chama kizifanye pamoja Jumapili moja kama zoezi, ili asiwepo anayeonekana anamtakia mumewe mabaya. Jina la mrithi wa karibu jeshini ni nani? Wengi walijaza fomu wakiwa makurutu wa miaka 19, wakaandika mama, na hawajawahi kubadilisha tangu waoe. Kwenye sacco je? Bima? Cheti cha ndoa kipo, au mlioana kimila tu na hamjasajili? Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko kwa faili moja? Na ile pesa iliyo kwenye laini ya simu ya marehemu haichukuliwi kwa kujua nambari ya siri. Inaombwa kwa mtoa huduma kwa cheti cha kifo na karatasi za urithi. Anayeitoa kimyakimya kwa siku ya pili anaweza kuwa na nia njema kabisa, na bado akashtakiwa na ndugu wenzake.

Kuna nyumba zenye shida nzito kuliko zote: mtu hajulikani alipo. Hakuna mwili, hakuna cheti. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangemsikia anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki. Miaka saba ni darasa la kwanza mpaka la saba. Katika muda huo mke si mjane na si mke, hawezi kuuza, mara nyingine hawezi hata kusaini. Ndiyo maana, kabla ya kuondoka, askari mwenye shamba au biashara anafaa kumwona wakili aandike hati ya kumruhusu mtu kusimamia mambo yake, na kuwa na angalau akaunti moja ya benki ya pamoja. Wakili huyo huyo awaeleze pia hati hiyo inaishia wapi, kwa maana hailindi kila kitu.

Akirudi, na mkihamishwa

Chama cha familia za wanajeshi kina tatizo ambalo chama cha walimu au cha wauza mboga hakina. Wanachama hawakai. Leo uko Eldoret, mwezi ujao barua inasema Nanyuki, Gilgil, Isiolo au Mariakani. Na barua haingoji zamu yako ya merigoraundi iishe.

Turudi kwa hesabu yetu ya watu kumi na wawili. Dada mmoja alipokea 12,000 kwenye zamu ya pili. Zamu ya nne ikiisha anahamishwa. Amechanga 4,000 mpaka hapo, na bado zamu nane, yaani anadaiwa 8,000. Zamani, wakati wa kuchanga kwa noti mkononi, hiyo ilikuwa imeenda, na ndiyo maana vikundi vingine vya zamani vilikataa wake wa askari kabisa. Siku hizi anaendelea kutuma kutoka Nanyuki kama alivyokuwa anatuma kutoka Kimumu. Wekeni tu kwenye katiba mapema: anayehama baada ya kupokea anaendelea mpaka mzunguko uishe, anayehama kabla ya kupokea anachagua kurudishiwa alichotoa au kubaki. Kwenye mfuko wa dharura, wengi huacha kidogo chao hapo hapo kama asante.

Na mume akirudi? Kwa wiki mbili za kwanza mama huyo hataonekana kwenye mkutano, na hakuna faini inayotozwa. Baadaye mazungumzo magumu yanaanza. Baba anakuta nyumba imejiendesha mwaka mzima, bajeti ina mpangilio wake, na mke ana watu wa kupigia simu ambao yeye hawajui. Wengine wanaona chama kama mpinzani. Wanawake wenye busara humpa taarifa ya miamala ya mwaka mzima, kurasa zote, akae nayo jioni na chai yake. Taarifa hiyo unaiomba kwa mtoa huduma kwa simu yako mwenyewe na inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nywila. Iombe ya miezi kumi na miwili, si sita, ili uondokaji wake na urudi wake vyote vionekane ndani.